Gereji ya Wasomaji: Injini ya Isuzu ndani ya Bedford ya zamani

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja. Nne kati yake zinahusu malori ya zamani ambayo injini zake zimekufa na wenyewe wamefunga, au wanataka kufunga, nyingine. Nimeipa barua ya Busia nafasi kubwa kuliko zote kwa sababu iliandikwa kabla fedha hazijatoka mfukoni.

SWALI: Ndugu wa ukurasa wa gereji, salaam. Mimi ni mstaafu ninayeishi Busia, upande wa Uganda. Marehemu baba yangu alituachia lori aina ya Bedford, lile la boneti mbele, modeli ya J, injini ya petroli ya silinda sita. Lilibeba pamba na baadaye matofali, kisha likaegeshwa chini ya mwembe kwa miaka mingi baada ya bloku, yaani mwili wa injini, kupasuka. Chasi ni nzima, difu ya ekseli ya nyuma ni nzima, kabini ina kutu milangoni na sakafuni. Nataka lirudi barabarani, si kwa kazi nzito, bali libebe mchanga na mazao ya shamba langu, na siku za sikukuu wajukuu wapande. Huko Ndeeba, jijini Kampala, nimeonyeshwa injini ya Isuzu 4BD1 na giaboksi yake. Muuzaji anataka malipo ya awali wiki hii, na fundi wangu anasema itaingia bila shida kwa sababu nafasi chini ya boneti ni kubwa. Je, niendelee? Nitumie giaboksi ya Isuzu au ile ya Bedford ambayo bado ni nzuri? – Msomaji, Busia

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Injini uliyoonyeshwa ni chaguo la busara. 4BD1 ni dizeli ya silinda nne, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 3,856, na hivyo haiko mbali na ile petroli ya Bedford iliyokuwa na lita tatu na nusu hivi. Taimingi yake, yaani ule mpangilio wa kufungua valvu kwa wakati, inaendeshwa na gia wala si mkanda, na mafundi wanaoijua wako kila mji wenye stendi ya malori. Fundi wako amesema kweli kuhusu nafasi chini ya boneti, lakini hilo ndilo jambo jepesi kuliko yote. Nimeona injini nyingi zilizoingia vizuri katika malori ambayo hayakufanya safari hata moja ya maana, kwa sababu hakuna aliyepima kinachoanzia nyuma ya injini na kuishia kwenye matairi. Kwa hiyo usilipe wiki hii. Chukua futi ya chuma, chaki, pima-maji na daftari, ukapime lori lako kwanza. Muuzaji akikataa kungoja siku tatu, injini za aina hiyo hazijaisha Ndeeba wala soko la vipuri la Kisekka.

Nianze na giaboksi, kwa kuwa umeuliza waziwazi. Kuunganisha injini ya Isuzu na giaboksi ya Bedford kunawezekana, lakini kunataka bamba la chuma lililokerezwa kati ya bloku na nyumba ya klachi, yaani ile kengele ya chuma inayofunika klachi, na kunataka pia bushi mpya ya kushika ncha ya shafti ya giaboksi ndani ya flaiwili, lile gurudumu zito lililo nyuma ya injini, pamoja na sahani ya klachi yenye meno ya Bedford na kipenyo cha Isuzu. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kutengenezwa na fundi mzuri wa mashine ya kukereza pale Katwe, Kampala. Shida ni kwamba shafti ya giaboksi lazima ikae katikati kabisa ya flaiwili. Kipimo cha sindano, chenye uso kama wa saa, kikizungushwa ndani ya tundu la nyumba ya klachi, sindano isicheze zaidi ya milimita 0.2, na chini ya hapo ni bora zaidi. Bamba likikerezwa kwa macho, beringi ya mbele ya giaboksi italia baada ya miezi michache, na sahani ya klachi itakatika katikati ilhali bado ina unene wake. Mimi binafsi nisingefanya hivyo. Nunua injini, klachi na giaboksi vikiwa bado vimefungwa pamoja, jinsi vilivyotoka katika gari la Kijapani, pamoja na mauntingi zake za mpira za kushikia injini, pampu ya klachi na kipande kilichobaki nyuma yake cha propela shafti, ile shafti ndefu inayopeleka mzunguko kwenye difu. Kile kipande cha shafti hasa usikiache: flenji yake, ile sahani ya mwisho yenye matundu ya bolti, ndiyo itakayochomelewa kwenye shafti ya Bedford, na ukiikosa utaitafuta kwa wiki nzima.

Lakini giaboksi ya Isuzu nayo ina mambo yake mawili ambayo muuzaji hatakuambia. La kwanza ni mkono wa gia. Injini hii ilitoka katika lori ambalo kabini yake imekaa juu ya injini na hupinduliwa mbele, kwa hiyo mkono wa gia haukusimama juu ya giaboksi kama ulivyozoea kwenye Bedford. Unaongoza giaboksi kwa mbali, kwa fito au kwa kebo. Ukinunua giaboksi bila fito hizo, utakuwa na gia tano usizoweza kuzifikia. Zidai, pamoja na kibao zinapoegemea, kisha fundi ahamishe kibao hicho kwenye sakafu ya Bedford, karibu na goti la dereva. La pili ni breki ya mkono. Katika malori mengi ya Isuzu ya ukubwa huo, breki ya mkono ni ngoma ndogo iliyofungwa nyuma ya giaboksi, nayo hushika propela shafti badala ya magurudumu. Nimeona mafundi wakiivua ili kupata nafasi, wakidhani ni takataka. Ama uibakize na kuiwekea kebo, ama uhakikishe kwamba breki ya mkono ya Bedford yenyewe inafanya kazi sawasawa kabla ile haijavuliwa, kwa maana lori lililobeba mchanga halishikiki kwa gia peke yake.

Sasa difu. Hapa ndipo ninapotaka ukae na daftari. Injini ya petroli na injini ya dizeli hazizunguki kwa mwendo mmoja, na matairi ya Bedford ni makubwa kuliko yale yaliyokuwa chini ya Isuzu, kwa hiyo lazima ujue lori litakwenda mwendo gani kabla hujalitengeneza. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, inua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki, weka gia huru, kisha uchore alama ya chaki kwenye propela shafti na nyingine kwenye tairi. Zungusha tairi mara mbili kamili huku mtu mwingine akihesabu mizunguko ya shafti. Nasema mara mbili, wala si moja, kwa sababu gurudumu lililobaki chini halizunguki na difu inagawa mwendo nusu kwa nusu. Wengi hukosea hapa na kupata nusu ya hesabu. Idadi ya mizunguko ya shafti ndiyo uwiano wa difu yako. Halafu lishushe lori, weka alama ya chaki chini ya tairi, lisukume mpaka alama irudi chini tena, upime umbali huo.

Tuseme umepata mizunguko 6 na robo, na tairi linakwenda mita 3 kwa mzunguko mmoja. Injini ikizunguka mara 2,800 kwa dakika katika gia ya moja kwa moja, ile ambayo shafti ya kuingia na ya kutoka huenda sawa, utagawanya 2,800 kwa 6.25, upate mizunguko 448 ya gurudumu, uzidishe kwa mita 3, upate mita 1,344 kwa dakika, yaani kilomita 80 na ushee kwa saa. Kwa lori la umri huo, lenye breki za ngoma na usukani usio na msaada, mwendo huo unatosha kabisa, na difu yako ya zamani itafaa bila kuguswa. Kama hesabu yako itatoa kilomita 55, itabidi ufikirie ekseli nyingine au gia ya tano ya kupunguza mizunguko. Na kama itatoa kilomita 110, usifurahi, maana injini itashindwa kuanza kupanda kilima ikiwa na mzigo. Kisha ulinganishe na gari injini ilikotoka: gawanya uwiano wa difu yake kwa mzingo wa tairi lake, ufanye vivyo hivyo kwa Bedford. Tuseme gari la Kijapani lilikuwa na 5.57 na tairi la mita 2.5, utapata 2.23. Bedford yako, 6.25 kwa mita 3, inatoa 2.08. Tofauti ni kama asilimia 7 tu, na maana yake ni kwamba gia ya kwanza itakuwa ngumu kidogo kuliko ilivyokuwa kwao, lakini injini haitaona kwamba imehamia nyumba nyingine.

Jambo linalofuata ni dogo kwa umbo na limeharibu kazi nyingi. Bedford ilitengenezwa Uingereza kwa vipimo vya inchi, na Isuzu kwa milimita. Ni kweli kwamba kampuni zote mbili ziliwahi kuwa chini ya kivuli cha General Motors ya Marekani, lakini udugu huo haukufika kwenye bolti. Bolti ya nusu inchi ina kipenyo cha milimita 12.7. Kichwa chake ni cha robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, kwa hiyo spana ya 19 inakikalia vizuri sana na fundi anaamini kwamba yuko katika ulimwengu wa milimita. Ndipo anapochukua bolti ya milimita 12 na kuiingiza katika tundu la nusu inchi. Inaingia kwa vidole, inakaza kidogo mwishoni, na baada ya kilomita mia mbili za barabara ya murram inaanza kulegea ikiwa imebeba uzito wa injini nzima. Weka makopo mawili gerejini, moja la inchi na moja la milimita, na yasichanganywe hata kwa bahati mbaya. Katika mauntingi mpya utakazochomelea kwenye chasi, tumia milimita pekee, na kila bolti iwe na nati ya kujifunga.

Kuhusu kuweka injini mahali pake, msingi ni kwamba mahali pa injini huamuliwa na vitu vitatu vilivyo chini na mbele yake: ekseli ya mbele, usukani na redieta. Bedford yako ina ekseli ya mbele ya kipande kimoja iliyolala juu ya springi za majani, nayo huinuka kuelekea injini lori linapopiga shimo. Kwa hiyo usipime nafasi kati ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na ekseli lori likiwa limesimama tupu. Pima mahali ekseli itakapofika springi zikikandamizwa mpaka kwenye mpira wa kizuizi, kisha uache vidole vitatu zaidi ya hapo. Kama sampu ya Isuzu ina tumbo upande wa mbele na ekseli inaligusa, usikate ekseli wala usiinue injini mpaka feni ipite juu ya redieta. Sogeza injini nyuma, na ikibidi ukate sakafu ya kabini, ambayo umesema imeliwa na kutu hata hivyo. Mwambie fundi aivue kabini kabisa kabla ya kuanza. Kazi inayofanywa kwa kuchungulia kupitia tundu la boneti ni kazi ya kukisia.

Nifike sasa kwenye breki, na hapa, mzee wangu, naomba unisikilize kuliko pengine pote. Katika injini ya petroli mna klapu ya kabureta inayobana njia ya hewa. Dereva anapoachilia mafuta, pistoni huvuta hewa isiyopatikana na mnyonyo mkali hutokea ndani ya manifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda. Kama Bedford yako ina sevo ya breki, lile kopo la bati linalosaidia mguu, basi bomba lake la mpira linatoka kwenye manifoldi hiyo na kunufaika na mnyonyo huo. Injini ya dizeli ya aina hii kwa kawaida haina klapu, hewa inaingia wazi, na kwa hiyo mnyonyo haupo. Unaweza kuunganisha bomba lilelile mahali palepale na lisifanye kitu chochote.

Nililijua jambo hili nikiwa kijana wa kushika tochi katika gereji moja ya Jinja, ambapo tulimtolea tajiri mmoja injini ya petroli na kumfungia ya dizeli. Katika uwanja wa gereji lori lilisimama kila mara, kwa sababu kwenye mwendo wa mtu anayetembea hakuna breki inayojaribiwa. Tukalipeleka ng'ambo ya mto kwa majaribio, na wakati wa kurudi, kwenye mteremko unaoelekea bwawa la Owen Falls, maana enzi hizo barabara kuu ilipita juu ya bwawa lenyewe, dereva alikanyaga breki ikawa ngumu kama amekanyaga jiwe. Mguu haukushuka hata inchi moja. Aliingiza gia ndogo huku meno ya giaboksi yakilia, akavuta breki ya mkono, akalipandisha lori kwenye rundo la changarawe lililokuwa kando. Hakuna aliyeumia. Mwenye gereji alitufokea sisi vijana, ingawa bomba aliliunganisha yeye.

Katika Isuzu mnyonyo hutoka kwenye pampu ndogo iliyofungwa mgongoni mwa alteneta, inayolainishwa kwa oili ya injini kupitia kijibomba chembamba na kuirudisha kwenye sampu kwa bomba nene. Injini nyingi za mitumba huuzwa zikiwa zimevuliwa alteneta, kisha mnunuzi hutafuta alteneta yoyote yenye mabano yanayofanana. Yako ije na pampu yake mgongoni. Ukishaifunga, washa injini kwa dakika moja, izime, kisha ukanyage breki: mikanyago miwili ya kwanza iwe laini na ya tatu au ya nne iwe ngumu. Kama ni ngumu tangu wa kwanza, lori lisitoke nje ya lango. Kwenye bomba la sevo weka pia valvu inayopitisha hewa upande mmoja tu.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Umeme wa injini hizo mara nyingi ni volti 24 na Bedford ya petroli ni volti 12. Ni rahisi kuongeza betri ya pili na kubadilisha balbu kuliko kutafuta stata nyingine. Kabla ya hapo angalia ni ncha gani ya betri iliyoungwa kwenye bodi, kwa maana magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1960 na kabla yake yaliunga ncha chanya, na alteneta ya Kijapani ikifungwa kinyume huungua mara moja. Tangi la petroli lina bomba moja, ilhali dizeli inataka mawili, moja la kwenda na moja la kurudisha mafuta yanayozidi. Lakini tangi lililowahi kubeba petroli lisiguswe na moto wa kuchomelea hata kama limekauka miaka kumi chini ya mwembe, mpaka lioshwe na kujazwa maji. Na weka kebo ya kuzimia injini kwa mkono. Dizeli haizimiki kwa kukata waya kama petroli, na mota ya umeme inayofanya kazi hiyo katika Isuzu ikifa, dereva hubaki ameshika ufunguo na injini inaendelea kunguruma.

Ukienda tena Ndeeba, itake injini iwashwe, ufungue kifuniko cha kujazia oili na uweke kiganja juu yake. Mvuke mwepesi ni kawaida ya injini iliyofanya kazi. Ukisikia pumzi inayosukuma kiganja kwa mapigo na kuona matone ya oili yakiruka, pete za pistoni zimekwisha, na bei uliyotajiwa si ya injini bali ya chuma.

SWALI: Naandika kutoka Mbale. Nina lori la zamani la Tata la boneti ambalo gereji moja ilinifungia injini na giaboksi ya Fuso mwaka jana. Injini ina nguvu na sina malalamiko nayo, ila lori likifika kilomita 50 kwa saa linaanza kutetemeka mpaka kiti kinanguruma. Likiwa tupu ndiyo hali mbaya zaidi; likibeba magunia hupungua. Nimebalansi magurudumu mara tatu na kununua matairi mawili mapya. Nimechoka kulipa. – Mfanyabiashara wa nafaka, Mbale

JIBU: Dada, maelezo yako ni mazuri kuliko ya mafundi wengi, na jibu limo ndani yake. Gurudumu lisilo na balansi hutetemeka lori likiwa tupu na likiwa na mzigo vilevile. Kinachobadilika mzigo unapopanda ni urefu wa springi za nyuma, na springi zikishuka, pembe ya propela shafti nayo inabadilika. Tatizo lako liko kwenye shafti hiyo, si kwenye matairi, na pole kwa fedha ulizotumia.

Giaboksi ya Fuso haina urefu sawa na ile ya Tata, kwa hiyo bila shaka shafti ilikatwa au ikaongezwa kipande. Kuna makosa matatu yanayofanyika hapo. Shafti ina krosi mbili, yaani viungo vya umbo la msalaba vinavyoiruhusu kupinda, moja kila upande, na uma zinazozishika kwenye bomba la shafti lazima zielekee upande mmoja, kana kwamba ni macho mawili ya uso mmoja. Mchomeleaji akizikosesha hata kwa nyuzi chache, au fundi akiingiza meno ya kiungo kinachoteleza jino moja pembeni, shafti itaongeza na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko, na hakuna balansi itakayoiponya. Mwambie mtu asimame ubavuni mwa shafti ikiwa imefungwa na aziangalie. Kosa hili huonekana kwa macho.

Kosa la pili ni pembe. Weka pima-maji yenye nyuzi juu ya flenji ya kutokea giaboksi, kisha juu ya flenji ya difu. Injini kwa kawaida hulala nyuzi tatu hivi, mkia chini, na difu inapaswa kuinua pua yake kwa kiasi hichohicho ili mistari ya vyote viwili iwe sambamba. Tofauti ikizidi nyuzi moja, weka kabari ya chuma kati ya springi na ekseli, au punguza unene wa mauntingi ya nyuma ya giaboksi. Pembe kati ya shafti yenyewe na kila upande isizidi nyuzi tatu hivi lori likiwa katika hali yake ya kawaida ya kazi, wala isiwe sifuri kabisa, kwa sababu beringi ndogo za krosi zinahitaji kutikisika kidogo ili zisichimbe mahali pamoja.

Kosa la tatu ni shafti kuchomelewa ikiwa imepinda na kutobalansiwa. Jaribu hivi kabla ya kumlipa mtu mwingine: peleka lori tupu kwenye barabara tambarare na nyeupe, lifike kilomita 60, kisha weka gia huru na uachie mafuta. Kama mtetemo unaendelea mpaka mwendo ushuke chini ya 50, ni shafti. Kama unakoma papo hapo injini inapopunguza mizunguko, rudi kwenye gereji iliyokufungia na uwaulize kuhusu flaiwili.

SWALI: Nipo Kabale. Nimefunga dizeli isiyo na tabo ya kusukumia hewa katika lori la zamani lililokuwa la petroli, nikaacha redieta ileile. Kwenye vilima linachemsha na kutoa moshi mweusi. Fundi anataka kuweka kifuniko cha redieta chenye nguvu zaidi. Je, yuko sahihi? – Dereva, Kabale

JIBU: Kaka, hayuko sahihi, ingawa naelewa anachofikiri. Kabale iko kwenye mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya wazi huchemka kwenye digrii 93 badala ya 100. Kifuniko chenye kukaza hupandisha kiwango hicho, kwa hiyo kwa hesabu ya darasani ana hoja. Lakini redieta ya shaba ya lori la petroli la zamani iliundwa kwa mgandamizo mdogo, na ukiifunika kwa kifuniko cha pauni 13 kwa inchi ya mraba itafumuka kwenye mishono ya tangi la juu, pengine ukiwa Kisoro na si nyumbani.

Moshi mweusi ndio unaokuambia ukweli. Injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo hapo kwenu umepoteza sehemu moja ya tano, kwa sababu hewa ni nyepesi. Pampu ya dizeli haijui hilo. Inaendelea kumimina mafuta yaleyale yaliyopimwa kwa mahali pa chini. Mafuta yasiyoungua yanatoka kama moshi, na yanayoungua kwa kuchelewa yanaongeza joto. Ipeleke pampu kwa fundi mwenye benchi ya kupimia, apunguze kiasi mpaka moshi uwe wa kijivu hafifu tu wakati wa kukazana na kilima. Kisha tafuta redieta iliyotoka na injini hiyo, au mpe fundi wa redieta aongeze safu ya mirija kwenye yako, na hakikisha feni imezungukwa na kava la bati; bila kava, feni huzungusha hewa ileile ya moto ndani ya boneti.

SWALI: Je, nikibadilisha injini ni lazima nibadilishe na kitabu cha gari? – Msomaji, Arua

JIBU: Ndiyo. Namba ya injini imeandikwa humo, pamoja na aina ya mafuta, na askari atakayekusimamisha ana haki ya kulinganisha. Dai risiti yenye namba ya injini kutoka kwa muuzaji, pamoja na nakala ya hati inayoonyesha jinsi ilivyoingia nchini, kisha uwapelekee wasajili wa magari kabla lori halijaanza kazi. Kumfuata muuzaji mwaka mmoja baadaye, wakati kibanda chake kimehamia mtaa mwingine, ni safari ndefu kutoka Arua. Na kabla injini haijashushwa kwenye chasi, ikiwa bado inaning'inia kwenye mnyororo, futa grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mahali namba ilipogongwa kwenye bloku, uipige picha. Ikishakaa na mabomba yake yote, mahali hapo huenda ukapaona kwa kioo tu.